Barua kwa Shangazi: bwana harusi asiye na kungwi

Lyon, Ufaransa

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila baridi bado inatuandama. Nimefurahi kusikia goti lako limepata nafuu, alhamdulillahi.

Nimepata santuri kuukuu ambayo kila nikiiweka nakukumbuka wewe na ukungwi wako. Ni opera fupi ya kuchekesha, tendo moja tu na waimbaji watatu: Une éducation manquée, yaani "Elimu Iliyokosekana", ya mtunzi Mfaransa Emmanuel Chabrier. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris, mwaka 1879, ilisindikizwa na piano tupu, na mtunzi alikuwa bado mtumishi wa wizara.

Kijana wa kikabaila, Gontran, amesomeshwa na mwalimu wake Pausanias Kigiriki, Kihebrania na aljebra. Anaoa, usiku unaingia, naye hajui la kufanya! Bibi harusi, Hélène, naye hakufunzwa lolote la maana. Wanaagana, kila mmoja chumbani kwake. Gontran anamjia juu mwalimu. Mzee anatoka mbio kwenda kuulizia. Huku nyuma radi zinapiga, Hélène anamkimbilia mumewe kwa hofu, na katika kukumbatiana ndipo wanapoanza kuelewa.

Ninachompendea Chabrier ni kwamba hawadhihaki wale watoto. Kichekesho chote amembebesha mwalimu na madaftari yake. Wao amewapa muziki mororo kabisa. Tena sehemu ya Gontran aliiandikia sauti ya mwanamke. Kwenye santuri huoni mavazi wala nyuso, unasikia tu sauti mbili nyembamba zikisukana kama ukili, na mwanzoni hujui ipi ya mume, ipi ya mke. Wote wawili ni wageni wa jambo lile lile.

Hapo ndipo nilipowaza, Shangazi. Mwari wako humfunza siku nyingi, ukamtoa anajua thamani yake na haki yake. Lakini bwana harusi je? Jando la zamani lilikuwa na mafunzo yake. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitali wangali wadogo, kidonda kikipona basi, hakuna mzee aliyekaa nao.

Mdogo wangu anaoa baada ya Idi. Nimemtumia rekodi hiyo kwenye simu, lakini muziki hautoshi. Naomba uzungumze na Babu amwite, wakae wawili, amweleze bila kumficha. Ukiona Babu anaona haya, basi mtafutie mzee mwingine mapema.

Wasalimie wote.

Mwanao