Yaya, usimchape yule farasi

Lubumbashi, mwanzo wa Agosti

Yaya,

Jambo sana, mkubwa wangu. Ujumbe wako wa juzi niliusikiliza mara mbili. Nashukuru mama amepona na anakula vizuri. Huku sisi wazima. Baridi ya asubuhi inaanza kupungua, lakini vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu.

Kilichonifanya nikae niandike ni huyo farasi jike uliyekabidhiwa huko Kolwezi. Unasema anaacha chakula nusu, mbavu zimeanza kuhesabika, na kila ukikaza ukanda wa tandiko anageuka kukuuma. Mwenye farasi anasema ni kiburi, achapwe. Nakuomba sana, usimchape. Mimi nilimchapa farasi wetu Shaba kwa kosa hilo hilo, kumbe Shaba alikuwa na vidonda vya tumbo.

Unamkumbuka Shaba, yule mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Mwaka jana, Juni, alikuwa anakwenda kwenye ndoo ya mahindi, anatia mdomo, anatafuna mara tatu nne, kisha anainua kichwa na kusimama akitazama ukuta. Anapiga miayo mfululizo. Anasaga meno mpaka unamsikia ukiwa nje ya banda. Baada ya kitambo anarudi kwenye ndoo, anatafuna kidogo, anaacha tena. Mnyama ana njaa na anaogopa kula, na mimi nilisimama pale nikasema anadeka. Hilo bado linaniuma.

Daktari wa mifugo alipokuja alimpapasa, akamsikiliza tumbo, kisha akaniuliza: usiku huyu anatafuna nini? Nikanyamaza. Nyasi tulizompa jioni zilikuwa zinaisha kabla ya saa mbili usiku. Kutoka hapo mpaka alfajiri, hakuna kitu. Alfajiri tunamtandika na kumkimbiza tumbo tupu, halafu ndipo anapewa mahindi. Ndivyo tulivyozoea wote, Yaya, na tulidhani ndiyo kazi safi.

Kumbe tumbo la farasi halifanani na letu. Lake linatoa asidi mchana na usiku, ale asile. Kinachopoza asidi hiyo ni mate, na farasi hatoi mate mpaka atafune. Malishoni anatafuna saa 16 hivi kwa siku, kwa hiyo mate yanateremka karibu muda wote. Sehemu ya chini ya tumbo ina ute unaoilinda, ile ya juu haina. Sasa mkimbize akiwa hana kitu: tumbo linabanwa, asidi inaruka juu na kuchoma pale pasipo na kinga. Ndiyo maana vidonda hivi vimejaa kwa farasi wa mashindano. Na kwa kuwa farasi hawezi kutapika, maumivu yake yanabaki ndani, wewe unaona hasira tu.

Kuthibitisha kabisa kunahitaji kamera yenye mrija wa kama mita 3, unapitishwa puani mpaka tumboni. Daktari wetu hana. Akaamua amtibu, kisha amtazame anavyoitikia.

Dawa ni omeprazoli, ya kupunguza asidi, miligramu 4 kwa kila kilo ya farasi, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Inatolewa asubuhi kabla ya chakula, unasubiri kama nusu saa mpaka saa nzima ndipo umlishe. Shaba ana kilo 450, kwa hiyo miligramu 1,800. Tafuta ile ya farasi iliyo kama dawa ya meno, inasukumwa juu ya ulimi. Najua utafikiria famasi: vidonge vya watu vya miligramu 20 vingekuwa 90 kila siku! Na ukivisaga, asidi inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Kama vidonda viko sehemu ya chini, omeprazoli peke yake mara nyingi haitoshi, daktari anaongeza sukralfati, dawa inayofunika vidonda. Mwachie yeye aamue hilo. Mwambie pia kama huyo jike amekuwa akipewa fenilbutazoni kwa ajili ya mguu, maana dawa hizo za maumivu zikipewa sana nazo zinaleta vidonda. Shaba alikuwa amezinywa wiki nzima.

Siku ya sita alimaliza ndoo. Nilisimama mlangoni nikimtazama akilamba chini, machozi yakanilenga.

Lakini dawa ikiisha, vidonda vinarudi kama ulishaji haujabadilika. Hapo ndipo nataka unisikilize zaidi. Mahindi tulikuwa tunampa kilo 2 asubuhi na kilo 2 jioni. Daktari alipiga hesabu: wanga usizidi gramu 1 kwa kila kilo ya farasi kwa mlo mmoja, na mahindi karibu robo tatu ni wanga. Yaani tulimzidishia mara tatu! Sasa anapata vikombe vichache, na nguvu nyingine inatoka kwenye nyasi. Nyasi kavu zisipungue kilo 7 kwa siku kwa mwili wake, na zikifika 9 ni bora. Ninazitia kwenye nyavu mbili zenye matundu madogo, moja juu ya nyingine, ili azivute polepole usiku kucha. Nikifika alfajiri nakuta bado kuna kidogo, na hilo ndilo ninaloangalia kwanza hata kabla ya maji.

Kabla ya kumtandika nampa konzi kubwa mbili za luserne, yale majani makavu ya alfalfa. Ina kalisi inayotuliza asidi, na nyasi zenyewe zinaelea juu kama mkeka, asidi isiruke. Anatafuna huku namsugua mgongo. Siharakishi.

Shida yetu ni kiangazi. Ukisubiri mpaka Julai, moto umeshapita porini na wakata nyasi wanakuletea vijiti vitupu kwenye baiskeli zao. Mwaka huu tulinunua Aprili na Mei, tukajaza ghala mpaka juu. Huko nawe ongea na mwenye farasi mapema, umwonyeshe kwamba nyasi ni nafuu kuliko siku 28 za dawa.

Sikufundishi kazi, Yaya. Wewe ndiye uliyenionyesha kufunga tandiko. Jumamosi nitakutumia gunia la luserne kwa basi, dereva atakupigia simu. Anza nalo hata kabla daktari hajafika, kidogo kidogo. Ukifunga ukanda, tazama masikio yake, kisha uniambie kama bado anayalaza nyuma.

Msalimie mama na watoto.

Mdogo wako