Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: mama yangu hakufuta miadi

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Pokea salamu zangu pamoja na pole ya kazi, maana hospitali ya rufaa ya mkoa haikosi wagonjwa wala lawama. Nimekuandikia mara mbili kupitia sanduku la maoni pale mapokezi, sikujibiwa. Leo nakuandikia mbele ya watu.

Alhamisi iliyopita nilimleta mama kliniki ya kisukari. Tuliondoka nyumbani saa kumi alfajiri, bodaboda hadi barabarani, kisha Noah iliyojaa mpaka kwenye buti. Saa mbili kasoro tulikuwa dirishani. Muuguzi akatazama kompyuta, akasema mama hayumo kwenye orodha kwa sababu amefuta miadi mwenyewe. Mama akanitazama. Siku mbili kabla, ile programu yenu ya simu ilimtaka athibitishe kwamba anakuja, naye akabonyeza. Ndicho alichofanya, basi.

Nilifungua simu palepale kwenye benchi. Chini kabisa ya kioo kuna vitufe viwili vimebanana, vyote vya kijivu, maandishi membamba kama uzi. Kimoja kimeandikwa Confirm, cha pili Cancel. Yote Kiingereza, yote yanaanza na C. Mama ana miaka 71. Alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, na Kiswahili anakisoma bila kusaidiwa na mtu. Baada ya kubonyeza, programu haikumuuliza kama ana hakika, wala haikumpa njia ya kurudi nyuma. Ilimfutia nafasi aliyoingoja miezi miwili.

Tulirudishwa. Tukaambiwa tarehe mpya tukaichukue kwenye programu hiyohiyo.

Hapo subira ilinishinda, Daktari. Programu hiyo naijua, maana mimi ndiye ninayehangaika nayo usiku mama akishalala. Kila ukiingia inataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, zote, upya. Kisha inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Ukitoka kwenda kuusoma, ukirudi imeshaanza mwanzo na ile namba imekwisha muda. Siku hizi laini ya mama naiweka kwenye kitochi, programu inabaki kwenye simu yangu, nasoma huku naandika kule. Mtu anayeishi peke yake na simu moja anafanyaje?

Kisha kuna suala la macho. Kisukari kinaharibu macho, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Programu ya wagonjwa wa kisukari imeandikwa kijivu juu ya nyeupe! Nilipokuza maandishi ya simu ili mama aone, kitufe cha kuendelea kikazama chini ya kioo, hakibonyezeki tena. Miongozo ya kimataifa ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na iko wazi kwa kila anayetengeneza vitu hivi.

Usikubali kuambiwa kwamba wazee hawawezi simu. Mama hupokea hela ya tangawizi kwa simu, hutuma ada ya mjukuu, hununua vocha. Menyu inamsemesha Kiswahili, bonyeza 1, bonyeza 2, na inamwonyesha jina la anayemtumia kabla hajaweka namba ya siri. Huduma hizo tunazo nchini tangu 2008, na zinakwenda kwenye kitochi kisicho na intaneti. Kama shilingi elfu tano inaulizwa mara mbili kabla ya kuondoka, miadi ya daktari inashindwa nini? Nadhani, na unisahihishe nikikosea, walioitengeneza waliijaribu mezani kwao, kwenye simu mpya, kwa intaneti ya ofisi. Hakuna aliyeshuka kwenye benchi la kliniki akampa mgonjwa simu, akakaa kimya, akamtazama.

Siku ya kuizindua ulisimama chini ya mwembe mbele ya wagonjwa, ukaahidi kwamba atakayeshindwa kuitumia atahudumiwa dirishani kama zamani. Nilikuwepo, na nilipiga makofi. Leo dirisha hilo lina karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya vidonda: miadi yote ni kwa simu.

Naomba programu iandikwe Kiswahili. Naomba vitufe vikubwa, vitenganishwe, na mtu aulizwe kabla hajafutiwa nafasi yake. Naomba namba fupi ya kupiga kwa kitochi. Naomba watengenezaji waje Alhamisi, wakae na mama zetu kabla hawajagusa chochote. Na kama yote hayo yanahitaji bajeti na vikao, basi kubandua ile karatasi hakuhitaji.

Chupa ya insulini ya mama iko ndani ya chungu, kwenye ubaridi wa maji, kwa kuwa friji hatuna. Iliyobaki ni ya siku tisa. Tunaomba tarehe, Daktari, hata ikiandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi yake ya kliniki.

Wako,
Mtoto wa mgonjwa wa kliniki ya Alhamisi