Kaka, ile simu uliyoizima

Shikamoo kaka.

Kadi ya mchango imefika. Shemeji alinitumia Jumatano usiku, kadi nzuri kwa kweli, yani kijana wako kawa mtu mzima wa kuoa na mi bado namuona kalala kwenye mkeka wa mama ana jino moja. Ila chini ya kadi ukaongeza maneno yako mwenyewe, "mdogo wangu uje na gitaa, ila yule mzee wako Clapton mwache hukohuko Tanga." Siku tatu nayasoma hayo maneno. Kwako ni utani wa ndugu, najua. Kwangu sio utani kaka, na sababu unaijua, na kwa vile kwenye simu huwa unanikatisha kabla sijamaliza nimeamua niandike hapa ninapoandikaga mambo ya gitaa, wengine wasome tu, ila naongea na wewe.

Nianze na pale unapopatia, maana mama alitufundisha kabla hujamdai mtu umlipe kwanza chake.

Birmingham unapatia. Tarehe 5 Agosti 1976, ukumbi wa Odeon, New Street hapohapo unapopita ukitoka kazini, Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, alisimama jukwaani kalewa akauliza kama kuna wageni ukumbini wanyooshe mikono, halafu akawaambia waondoke, na sio ukumbini tu, nchini kabisa. Akasema watu wamchague yule mwanasiasa Enoch Powell, Uingereza ibaki nyeupe. Na huyo Powell sio mgeni kwetu sisi wa huku, 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipoanza kukimbilia kwao huko, Bunge likapitisha sheria ya haraka mwezi Machi kuwazuia, na Aprili Powell akatoa ile hotuba yake ya kutisha watu kuhusu wageni, Birmingham hiyohiyo. Kwahiyo Clapton alijua anamtaja nani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo, 1974, alishika namba moja Marekani kwa wimbo wa Bob Marley, "I Shot the Sheriff". Unakula kwenye sinia la mtu ukishiba unawaambia ndugu zake watoke barazani. Hata Waingereza wenyewe walimwandikia barua ya wazi magazetini, kina Red Saunders yule mpiga picha, wakamwambia nusu ya muziki wako ni wa watu weusi, na sheriff kama alipigwa risasi basi aliyempiga sio wewe. Ile barua ndo ikazaa Rock Against Racism, harakati za muziki za kupinga ubaguzi, na Aprili 1978 watu wakajaa Victoria Park pale London maelfu kwa maelfu. Yote haya mara ya kwanza niliyasikia kwako, na wewe uliyapata kwa yule mzee wa Kijamaika uliyekuwa unaingia naye zamu ya usiku. Sijawahi kukubishia hata moja. Tena nikuongezee, usingizie pombe kwa 1976 sawa, lakini pombe aliiacha 1987 na miaka mingi baadaye bado alikuwa anamsifia Powell kwenye mahojiano, ilibidi ipite miaka 40 na kitu ndo akasema waziwazi anaona aibu kwa mtu aliyekuwa. Amechelewa vibaya sana. Hapo tumemaliza, deni lako hilo nimelipa.

Sasa langu.

Hukuja kunieleza hayo siku ya kawaida kaka. Ulikuja kunieleza siku ya tisa ya msiba wa mwanangu.

Ndege ilikuchelewesha ukakuta tumeshazika, sijakulaumu kwa hilo hata siku moja na sitakulaumu. Jioni ile umeme ulikuwa umekatika, tuko barazani na chemli, mama mkwe anachambua mchele kwenye ungo kwasababu mikono yake ilikuwa haiwezi kukaa bure, shemeji yako amekaa pembeni ya mlango na khanga ileile tangu asubuhi. Mi nilikuwa nimeiweka simu kwenye kile kikombe cha bati ili sauti ikue kidogo. Ulikuwa ule wimbo wake wa mtoto, "Tears in Heaven". Ulisimama ukasikiliza kama nusu dakika, nikajua umekuja kukaa na mimi, nikasogea kwenye benchi nikakuachia nafasi. Ukaitoa simu kwenye kikombe ukaizima, ukairudisha imelala kifudifudi, ukasema mbele ya wakwe zangu, "Huyu alisema watu kama sisi tufungashwe turudi makwetu, na we unamlilia mtoto wako kwa mdomo wake?"

Ungo ulisimama kaka. Nasikia mpaka leo ule ukimya wa mchele. Shemeji yako akanyanyuka akaingia ndani. Na mimi, mwenye msiba, ndo nikakwambia "samahani kaka."

Hilo ndo siwezi kulisahau, wala sio maneno yako sana, ni ile samahani yangu. Niliomba radhi kwa ajili ya nini?

Nikwambie kwa nini nilikuwa nausikiliza, maana hukuniuliza. Conor, mtoto wa Clapton, alikuwa na miaka minne, tarehe 20 Machi 1991 alidondoka kwenye dirisha la ghorofa ya 53 New York. Wetu alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Siku zile tisa kila mtu alikuja na jibu, Mungu kampenda zaidi, mtapata mwingine, kapumzika, na wote walikuwa na nia njema na wote nilitaka wanyamaze. Yule mzee hana jibu. Anamuuliza tu mtoto, tukikutana huko utanijua? Gitaa la nyuzi za nailoni, anapiga kwa vidole, taratibu, hakuna solo ya kujionyesha hata moja, mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa solo. Mi sikuwa namlilia mtoto kwa mdomo wake. Nilikuwa nimekaa na mtu mwingine aliyezika mtoto wa miaka minne, basi, na kati ya wote waliokuwa barazani jioni ile huyo alikuwa ni yeye peke yake.

Sasa lile swali unalolirudia kila tukikutana, kwamba hii sifa ya ulejendari anastahili au kapewa kwasababu ni mzungu. Kaka, aliyenipa Clapton ni nani? Ni wewe! Ile kaseti uliyoileta kutoka kwa rafiki yako wa bandarini imeandikwa kwa kalamu "Mayall + E.C.", tukaisikilizia chini ya mwembe kwenye redio ya Baba Mkubwa, na gitaa letu lina uzi wa kwanza wa waya wa breki ya baiskeli unakata vidole mpaka damu. We ndo uliniambia sikiliza, huyu anauvuta uzi kama mtu anavuta ndoo kisimani, haachii mpaka maji yaonekane. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo na sijapata maneno mengine ya kuwaelezea kuvuta uzi zaidi ya hayo yako.

Na ulikuwa sahihi, ile ndo albamu yenyewe ya 1966 na John Mayall, mwanablues wa Uingereza, kijana wa miaka 21 kaingia studio za Decca London na gitaa la Les Paul na amplifaya ya Marshall, akakataa kupunguza sauti. Mafundi wa studio walizoea mpiga gitaa apige polepole wao wamkuze kwenye mashine, yeye akafungua amplifaya kama yuko jukwaani, ikabidi maikrofoni isogezwe mbali. Na hapo ndo siri ilipo, amplifaya ikizidiwa noti haifi haraka, inakaa, inanenepa, inaanza kuimba, unaweza ukaishika na kuitetemesha kwa kidole kama sauti ya mtu. Wamarekani weusi kina Freddie King na Buddy Guy walishaupiga moto huo mbele yake, na ile "Hideaway" kwenye kaseti yetu ni ya Freddie King, ila ule mchanganyiko wa Les Paul na Marshall iliyofunguliwa hivyo ndo ukawa sauti ya roki mpaka leo, hata mtoto anayejifunza gitaa leo akiwasha mlio mzito anaanzia pale bila kujua. Hilo sio upendeleo wa rangi. Hilo ni sikio na vidole.

Ila mungu hapana. Waliandika ukutani Islington kwamba Clapton ni mungu, na hapo mi na wewe tuko upande mmoja na nashangaa kwa nini hujawahi kuliona hilo. Tarehe 1 Oktoba 1966 Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi, hajamaliza hata wiki mbili London, kaomba apande jukwaani na Cream, bendi ya Clapton, pale Regent Street Polytechnic, kapiga "Killing Floor" ya Howlin' Wolf kwa spidi ambayo Clapton aliacha kupiga akashuka jukwaani. "Layla" ya 1970, yenye jina la kisa cha Laila na Majnuni ambacho watu wa pwani wanakijua, ile sehemu ya kuanzia inayomsisimua kila mtu ilitoka kwa mpiga gitaa mwenzake Duane Allman. "Cocaine" na "After Midnight" ni za J.J. Cale. "Crossroads" ni ya mwanablues Robert Johnson, na huyo alirekodi nyimbo 29 tu, 1936 na 1937, akafa 1938 ana miaka 27 Mississippi bila kuonja hata tone la hizi sifa. Na baada ya 1970 kuna albamu za Clapton ambazo mi mwenyewe sirudii kuzisikiliza, amelegea mno, anapiga kama mtu aliyekwisha kula.

Kwahiyo ukiniuliza anastahili, nakujibu anastahili sifa ya mwanafunzi. Mwanafunzi bora pengine kuliko wote waliotoka Uingereza, na mwanafunzi aliyewataja walimu wake, B.B. King alirekodi naye albamu nzima 2000, J.J. Cale 2006, Robert Johnson kamfanyia albamu nzima 2004. Waliompa cheo cha mungu ndo wenye kosa, na yeye ana kosa lake la Birmingham, hayo makosa mawili we unayachanganya kuwa moja.

Utaniambia tena Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wetu wa Tanzania. Kaka, Mbaraka hakuna anayekubishia! Amekufa kwa ajali Januari 1979 huko upande wa Mombasa, na kama angezaliwa Surrey na studio za Decca ziko jirani leo tungekuwa tunaongea mengine. Hilo linaniuma kama linavyokuuma. Lakini haki ya Mbaraka haiji kwa kunizimia simu yangu.

Naomba nikushauri kitu kama mdogo wako, na unisamehe kama navuka mpaka. Kijana anaoa, atakuwa na nyumba yake, atapenda vitu ambavyo wewe una sababu nzuri kabisa za kuvichukia. Ukiingia kwake ukamkuta anasikiliza kitu, kaa kwanza. Muulize. Sababu zako zinaweza kusubiri mpaka kesho yake asubuhi, hazichachi. Mi ningekusikiliza kesho yake kaka, ningekusikiliza vizuri sana, nimekusikiliza maisha yangu yote, nani alikuwa anakubebea gitaa kutoka shule, nani alikaa na Baba Mkubwa miezi saba ya mwisho we ukiwa huko, sikusema, sikuhesabu, na sitaki ionekane nahesabu sasa, ila jioni moja tu ndo nilihitaji mtu aniache. Moja.

Unajua 2004 Clapton aliacha kuupiga ule wimbo? Alisema hana tena yale maumivu yaliyouandika, na hakutaka kuuimba bila hayo. Alikaa miaka karibu tisa ndo akaurudia. Nilivyosoma hilo nilikuonea hasira upya, sijui kwa nini wewe. Nafikiri nilitaka kumwambia mtu kwamba mi sijafika huko, bado naupiga nikiwa peke yangu sebuleni mlango nimefunga, na mtu niliyetaka kumwambia ni wewe.

Kwenye harusi ntakuja. Mchango nimeshautuma kwenye namba ya shemeji, mwambie aangalie. Gitaa ntakuja nalo, na huo wimbo siwezi kuupiga harusini, ningejua mwenyewe bila kuambiwa, kwahiyo ule mstari chini ya kadi haukuwa na kazi. Ntapiga Mbaraka, wazee watacheza. Ukiwa unafunga mizigo niletee nyuzi seti mbili, namba kumi, za chuma, huku naletewa zinazokatika wiki ya kwanza.

Shemeji yako anakusalimia. Hajanituma, nilimwambia nakuandikia akakaa kimya kidogo, halafu akaniambia haya msalimie.