Shiti la tatu limekwenda wapi?

Wiki iliyopita mteja alinifuata karakanani na daftari mkononi. Anafyatua matofali, na alitaka tenki la maji la lita 1,000, mita 1 kila upande. Hesabu yake: pande sita, mita za mraba 6. Shiti la chuma la futi 8 kwa 4 ni karibu mita za mraba 3. Basi mashiti mawili. Ankra yangu imeandika matatu. Akauliza mbele ya vijana wangu, "Fundi, hilo la tatu unajengea kwako?"

Si wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Tenki ni mche mstatili, yaani umbo la sanduku. Mbavu zake ni mzingo wa kitako mara kimo: 4 mara 1, mita za mraba 4. Kitako na mfuniko, 2. Hapo mzee alipatia. Wengine hata hapo hawafiki: mfugaji mmoja wa hori la pembetatu alipima mabati mawili yanayokutana chini, akasahau zile pembetatu za miishoni. Alirudi dukani na bodaboda kutafuta kipande.

Lakini shiti halikatiki kama karatasi. Upana wake ni sentimita 122, urefu 244. Ukishakata vipande viwili vya mita kwa mita, unabaki na utepe wa sentimita 22 na kipande cha 44. Kila shiti linatoa pande mbili tu. Na hiyo "karibu 3" ni 2.98, kwa hiyo hata ukiunga kila chembe, mashiti mawili hayafiki 6. Mabaki ni ya mteja. Huwa tunayafunga waya na kuyapakia juu ya tenki lake.

"Si uunge vipande tu, fundi?" Niliwahi kukubali. Nikaunga kitako kwa mabaki, fimbo za kuchomea zikaisha, siku nzima ikapotea, na mteja akalipa yote hayo. Kutu ilianzia kwenye mishono hiyohiyo, akarudi kubadilishiwa kitako kizima. Siku hizi kitako cha viraka sishiki, hata ukinibembeleza. Bei yangu si ya chini, najua, lakini tenki langu hulijaza maji likalala usiku kucha kabla halijapakwa rangi.

Ushauri niliompa mzee: acha mita, shika futi. Tenki la futi 4 kila upande, shiti linakatwa katikati na hakibaki kitu. Mashiti yaleyale matatu, na linabeba karibu lita 1,800. Ila likijaa maji peke yake ni tani 1.8, kwa hiyo stendi lazima iwe ya engo nene, vile vyuma vya pembe.

Alichagua futi 4. Tenki tulimaliza Jumatano, na sasa analalamikia bei ya stendi.