Mawe ya Nyongo: Upasuaji wa Matundu Madogo Unakupunguzia Nini?

Mgonjwa akishaambiwa kwamba kifuko chake cha nyongo kina mawe na kinatakiwa kutolewa, swali la kwanza huwa: "Mtanipasua wapi?" Ana haki ya kuuliza. Kwa upasuaji wa wazi, daktari huchana chini ya mbavu za kulia, sentimita 10 hadi 20, akipita kwenye misuli ya tumbo mpaka alifikie ini, maana kifuko kimeshikamana chini yake. Misuli hiyo hiyo ndiyo mtu anayoitumia kuinuka kitandani, kukohoa, kucheka. Maumivu mengi ya siku za mwanzo hutokana na jeraha hilo la kuingilia, kuliko kifuko chenyewe kilichotolewa.

Mwaka 1985 daktari Mjerumani, Erich Mühe, alitoa kifuko cha nyongo kwa njia ya matundu, na leo ndiyo njia inayotangulizwa popote penye vifaa na wataalamu. Mgonjwa akishalala kwa nusukaputi, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake unyanyuke. Kamera hupitia kitovuni, vyombo vingine kwa matundu kama matatu ya milimita 5 hadi 10 hivi. Mrija na mshipa wa damu wa kifuko hubanwa kwa klipu na kukatwa, kisha kifuko hubanduliwa kwenye ini na kutolewa.

Jioni ile ile wengi huinuka na kutembea wodini, na kesho yake wengi huruhusiwa. Kazi nyepesi hurudi baada ya wiki moja au mbili. Kwa upasuaji wa wazi ni wiki nne hadi sita. Kwa mama lishe au dereva wa bodaboda, tofauti hiyo ni kodi ya nyumba na ada ya watoto. Sisi madaktari hata hivyo tunaliangalia zaidi pafu. Mwenye jeraha kubwa chini ya mbavu huogopa kuvuta pumzi ndefu, makohozi yakatuama, nimonia ikaingia. Mwenye matundu madogo hupumua na kukohoa kwa urahisi zaidi. Vidonda navyo hupata usaha mara chache, na ngiri ya kwenye kovu hupungua.

Usishtuke bega la kulia likiuma siku moja mbili. Hewa iliyobaki husumbua kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, na neva yake hutokea shingoni, ndiyo maana maumivu yanasikika begani. Huisha yenyewe, kutembea husaidia.

Bili ya chumba cha upasuaji inaweza kuwa kubwa zaidi, maana vifaa ni ghali. Piga hesabu pamoja na siku za kulazwa na siku za kukosa kazi.

Matundu ni madogo, lakini hii ni operesheni kamili. Mrija mkuu wa nyongo, ule unaobaki ukipeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo, unaweza kujeruhiwa, na kama kuna damu nyingi au viungo vimegandana, daktari atafungua tumbo hapo hapo kwa usalama wako. Ndiyo sababu fomu ya ridhaa inataja njia zote mbili. Na kama mawe yameonekana tu kwenye ultrasaundi na hujawahi kuumwa, mara nyingi hatukushauri upasuliwe.

Ukiwa nyumbani, ukiona macho ya njano, homa, tumbo linavimba au maumivu yanaongezeka badala ya kupungua, rudi siku hiyo hiyo, hata usiku. Usisubiri tarehe ya kliniki.