Chebet, nisaidie na hii 68

Kisumu, Jumapili usiku

Chebet wangu,

Hamjambo huko Nakuru? Kogo anaendeleaje na mguu? Sisi huku tu wazima, mvua kila jioni, Mama Tito kajifungua msichana, hatimaye, na ngege imepanda bei mpaka tunaila kwa macho. Najua nimekunyamazia tangu Aprili. Utanigombeza baadaye. Kuna ripoti ya mtoto niliyempima akili, natakiwa kuipeleka Ijumaa, na tangu Jumatano sijaandika ila tarehe na jina la mtoto.

Unajua muhula huu niko kwenye vitendo. Hii shahada ya uzamili ya Maseno tunaisoma shule zikifungwa. Zikifunguliwa narudi kwa Gredi ya 5 na watoto wangu 74, na jioni ndiyo nageuka mwanasaikolojia. Mamangu bado anawaambia akina mama wa kanisa kwamba nasomea udaktari wa wazimu. Wameshaanza kuniletea mashemeji zao.

Sasa. Mwalimu mkuu mmoja, shule siitaji, aliniita akaniambia: "Madam, tupimie huyu kijana, halafu utuandikie barua aende yuniti." Yuniti, yaani lile darasa la watoto wenye mahitaji maalum. Umeona hiyo? Barua ilishaandikwa kichwani mwake kabla sijafungua mkoba. Kijana ana miaka 11, kusoma bado anakokota herufi moja moja, na wanasema anawarudisha wenzake nyuma. Nitamwita Omosh. Jina lake silisemi hata kwako.

Nilikuwa nimeazimwa ule mkoba wa Wechsler, mtihani wa akili wa watoto wa miaka 6 hadi 16, kwa siku mbili, niurudishe bila kipande kupotea. Maswali siruhusiwi kuyasimulia, lakini vile vipande vyekundu na vyeupe unavijua: mtoto anaonyeshwa umbo, analijenga kama lilivyo, na wewe una saa mkononi unahesabu sekunde. Mwanzoni Omosh aliangalia saa kuliko vipande. Kisha akajenga. Akajenga sawasawa kabisa, Chebet, halafu akaweka viganja viwili pembeni na kulizungusha lote, taratibu, lisimomonyoke, likanielekea mimi. Kitabu kinasema umbo likigeuka nyuzi 30 au zaidi ni kosa. Mara ya kwanza unamrekebishia, unamwonyesha linavyopaswa kukaa. Nikamrekebishia. La pili akalijenga, akaligeuza tena. Sufuri. La tatu, sufuri. Tulipomaliza nikamuuliza mbona alikuwa anayageuza. Akaangalia chini.

"Ndio madam aone vizuri."

Nilipojumlisha kila kitu ikatoka 68. Wastani ni 100, kila hatua ya kupanda au kushuka kutoka hapo ni 15, na mtoto akishuka chini ya 70 watu wanaanza kumtafutia majina mabaya. Hao aliolinganishwa nao ni watoto 2,200 wa Marekani. Sidhani kuna hata mmoja wao aliyewahi kufukuza ndege kwenye omena, hizi dagaa zetu, zilizoanikwa. Na mimi hapo nilikuwa namtafsiria maelekezo kwa Kiswahili, akikwama naingia Dholuo, wakati mtihani wenyewe haukutengenezwa kwa lugha hata moja kati ya hizo. Hilo nitaliandika. Nitaliandika kwa herufi kubwa.

Jumamosi nikapanda boda mpaka Dunga, nione anapoishi. Nikamkuta kwa meza ya mamake. Hakushtuka, aliniuliza tu, "Madam, unataka ya kupika ama ya kuku?" Nikasema ya kupika. Akachota kutoka gunia moja, akachezesha samaki kati ya vidole, akazirudisha, akachota kutoka lingine. Gorogoro mbili na nusu, 260 kila moja. Nikampa noti ya 1,000. Nikiwa bado natafuta kikokotoo kwenye simu (usicheke, wewe pia ungetafuta) alishaniwekea 350 mkononi, na akaniongezea kiganja kimoja juu, "ya paka."

Mamake akanivuta kando. "Mwalimu, niambie ukweli. Mtoto wangu ana rieko?" Yaani, ana akili?

Sikumjibu. Nilisema bado naandika. Tangu hapo silali.

Kwa sababu kuna utafiti tulisomeshwa, wa akina Sternberg na Grigorenko, uliofanywa hapa kwetu, kijiji cha Usenge, ukachapishwa 2001. Waliwauliza watu akili ni nini wakarudi na maneno manne: rieko (maarifa na ujuzi), luoro, winjo (kuelewa la kufanya), paro (kujianzishia mambo). Katika hayo manne, rieko peke yake ndilo lililoshikamana na alama za shule. Na watoto 85 waliowapima, wale waliojua zaidi dawa za miti shamba ndio walioelekea kupata alama ndogo kwenye msamiati wa darasani. Luoro, wanaandika, ni heshima. Mimi Mjaluo mzima, nafafanuliwa luoro na profesa wa Marekani!

Lakini rudi kwa yale maumbo. Ukimpa mtu mzima kisu si unamgeuzia mpini? Mimi mwenyewe nimewakaripia watoto wangu mara ngapi kwa kuniletea daftari limenipa kisogo? "Geuza, unanipa nisome au nile?" Miaka tisa nafundisha hivyo. Halafu amekuja mtoto mmoja aliyeshika somo, nami nikakaa mbele yake na kalamu, nikaandika sufuri.

Sisemi hana shida. Hawezi kusoma, nimemsikiliza. Daftari analileta karibu na pua, kwa hiyo nimeomba apimwe macho na masikio kabla ya lolote, na nimegundua hakuna aliyewahi kumpima. Ninachokataa ni hiyo barua ya yuniti. Hata DSM-5, kile kitabu cha Marekani cha kutambulia matatizo ya akili, chenye majina yote mabaya, hakikubali alama peke yake: lazima uonyeshe pia kwamba mtoto anashindwa na mambo ya kila siku. Anashindwa na yapi huyu?

Odhis, aliyeko Ohio, anasema nisingehangaika ningekuwa huko. Anasomea kazi hiihii, na mwishoni lazima afanye saa 1,200 chini ya msimamizi, angalau 600 shuleni. Chama cha wanasaikolojia wa shule huko kinapendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500. Nikamwambia shuleni kwetu anayeitwa mwanasaikolojia ni mwalimu wa ushauri nasaha, na ana vipindi vyake kama kawaida, na zamu ya chakula juu. Akanitumia picha ya theluji. Huyo hajabadilika.

Basi sikiliza ninachotaka. Ulisema yule mwalimu wako wa Njoro ana fomu za Vineland, zile za kumhoji mzazi kuhusu anavyojimudu mtoto nyumbani. Unaweza kumwomba aniazime, hata kwa wiki moja? Nikimhoji mama wa Omosh vizuri, 68 haitasimama peke yake kwenye karatasi. Nikiiacha nje kabisa, msimamizi wangu ataiulizia. Nikiiandika, mwalimu mkuu atasoma hiyo namba tu na mengine atayaruka, namjua.

Wewe ungefanyaje? Ungeitaja mwanzoni, au ungeizika ukurasa wa tatu chini ya macho na masikio? Ulipopima wale watoto wa Molo uliwahi kumkuta aliyegeuza? Ulimpa sufuri? Na huyo mama nimwambie nini, kwa lugha gani, neno gani? Halafu muulize Kogo jambo moja: watafiti akina Harkness na Super walikaa na Wakipsigis wenu kule Kokwet miaka ya 1970, wakaandika kwamba mtoto mwenye ngom, yaani akili, ni yule unayeweza kumwachia kazi bila kumsimamia, na kwamba ya darasani ina jina lake, ngom en sukul. Ni kweli mnasema hivyo, au mliwatania wageni?

Nijibu kabla ya Alhamisi, tafadhali, hata kwa mstari mmoja. Omena nimezifunga, nitazipa dereva wa matatu ya kesho asubuhi. Ile ya paka iko kwenye karatasi yake, usiipike.

Wako,
Akinyi