Shangazi, usimtoe farasi kwenye hadithi yako

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo huko Njoro na kwamba mvua imewakumbuka. Daftari lako la hadithi ya watoto, ile ya msichana na farasi, nimelisoma lote, na ujumbe uliofuata pia, ule wa kwamba umeshauriwa umtoe farasi uweke mbuzi, au msichana umhamishie Uingereza, kwa kuwa eti watoto wa Kenya hawajui farasi. Nakujibu hadharani kwa sababu wako wengine wanaowaandikia watoto ambao wameambiwa maneno hayo hayo, wakatii. Wewe nakusihi usitii.

Hapo Njoro unapoishi farasi si mgeni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, enzi za Lord Delamere, yule mlowezi mashuhuri wa Kiingereza, mlowezi mwingine aitwaye Clutterbuck alifuga na kufunza farasi wa mbio papo hapo. Binti yake, Beryl, aliletwa kutoka Uingereza akiwa mdogo sana, akakulia kwenye mabanda hayo akicheza na watoto wa majirani Waafrika. Kabla dunia haijamfahamu kama Beryl Markham, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Kanada, kazi yake ilikuwa kufunza farasi wa mbio. Msichana wa Njoro anayependa farasi hatujamwazima kwa mtu.

Lakini nisingependa msichana wako awe Beryl wa pili. Kwenye mabanda yale walikuwapo masaisi, Waafrika waliowalisha farasi, wakawasugua, wakawatembeza alfajiri baridi ikiwa bado kali. Mmoja, arap Ruta, tunamjua kwa jina kwa kuwa alikuwa rafiki ya Beryl tangu utotoni, akafanya naye kazi kwenye farasi na baadaye kwenye ndege. Wengi wa wenzake tumewapoteza majina. Mfanye msichana wako kitukuu cha mmoja wao. Bibi yake awe ndiye aliyerithi masimulizi, na awe na ruhusa ya kumweleza pia kwamba Wamaasai walichunga katika bonde hilo kabla mkataba wa 1904 na Waingereza haujawahamisha. Mtoto wa miaka kumi ana uwezo wa kulibeba jambo hilo akielezwa na mtu anayempenda. Na ataelewa kwa nini bibi anawapenda farasi huku akinyamaza wanapotajwa wenye farasi.

Sasa nije kwenye sura ya kwanza, ambayo ndiyo inanisumbua. Umempandisha msichana mgongoni kabla hajamgusa farasi. Mwanzishe chini, Shangazi. Mpe koleo azoe samadi. Mpe maji ya kubeba, maana farasi mmoja huweza kumaliza madebe mawili kwa siku ya joto. Afundishwe kwamba farasi huona karibu pande zote kwa kuwa macho yake yako kandoni mwa kichwa, ila nyuma yake kabisa haoni, wala chini ya pua yake. Kwa hiyo unamwendea ubavuni, karibu na bega, ukimsemesha. Ajifunze kusoma masikio: yakilala nyuma, farasi amekasirika. Aambiwe anyanyue mguu wa mnyama mzito kumshinda mara nyingi, atoe tope na vijiwe kwenye ukwato, na mnyama huyo akubali. Ukurasa ambao farasi anampa mguu kwa mara ya kwanza utawashika watoto kuliko mbio zozote.

Hatari pia unayo ya kwetu, huna haja ya kuleta mbwa mwitu wa Ulaya. Kuna ugonjwa wa virusi unaoua farasi Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo sana wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri. Pundamilia huambukizwa lakini kwa kawaida haugui. Fikiria, mbugani Nakuru pundamilia wanalala nje bila shida, na farasi wa msichana wako, ndugu yao, anatakiwa awe bandani kabla giza halijaingia. Chanjo ipo, lakini usiku bado huogopwa. Basi siku moja lango liachwe wazi, farasi apotee kwenye mashamba ya ngano, jua linashuka, na msichana amfuate kwa miguu. Ningeisoma sura hiyo bila kupumua.

Jambo dogo la sauti. Farasi wako "anakimbia" kutoka mwanzo hadi mwisho. Akitembea, kwato hugonga mara nne, moja moja. Akienda mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, hugonga mara mbili, kwani miguu inayokingamana hugusa chini pamoja. Akienda shoti, yaani mbio za kasi, kuna kitambo miguu yote minne iko hewani. Andika hivyo na watoto wataipiga miendo hiyo kwa vidole kwenye madawati.

Na mwisho wa hadithi, ambapo tajiri anamzawadia farasi, tafadhali ufute. Watakaoisoma Kaptembwo na Rongai, hapo Nakuru, hawatazawadiwa farasi na mtu. Wengi wamewaona kwa karibu siku za sikukuu tu, farasi wanapoletwa ili watoto wapande kwa malipo kidogo, mzunguko mmoja, halafu mwingine apande. Nimewaona watoto hao wanavyobaki kando baada ya zamu yao kwisha, hawataki kuondoka. Waandikie hao. Farasi abaki wa mwenyewe, na msichana amjue kuliko mwenyewe: ajue upande anaopenda kukunwa, ajue asubuhi gani hakula vizuri, na akisema farasi ni mgonjwa, watu wazima wamsikilize na kumwita daktari wa mifugo.

Nimeandika kwa penseli pembeni mwa daftari, sikugusa wino wako. Nitalituma na matatu ya Ijumaa. Ukishaamua, nipigie, kwa sababu nimempata mchoraji hapa mjini ambaye yuko tayari kuja Njoro akae na farasi siku nzima kabla hajachora hata mstari mmoja.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.